Oksidisho, kinga dhidi ya virusi na saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa wanafunzi wa maabara, matabibu na wauguzi wa Kisumu, Siaya, Kakamega na Nakuru, pamoja na jamaa wanaouguza mgonjwa wa saratani nyumbani. Maswali ya maabara yako mwishoni. Anayetafuta jibu kuhusu vidonge vya vitamini wakati wa kemo (dawa za kuua seli za saratani) aruke moja kwa moja hadi sehemu hiyo.

Ridoksi ni nini hasa?

Ni kupokezana elektroni. Molekuli iliyopoteza elektroni tunasema imeoksidishwa. Iliyozipokea imerudishiwa elektroni. Mitokondria hutengeneza nishati kwa kupitisha elektroni za chakula hatua kwa hatua mpaka zifikie oksijeni. Chache huponyoka njiani, hasa kwenye mashine mbili zinazoitwa kompleksi I na III, zikadakwa na oksijeni kabla ya wakati. Hapo huzaliwa supaoksidi. Kimeng'enya SOD, ambacho McCord na Fridovich walikieleza mwaka 1969, huigeuza mara moja kuwa hidrojeni peroksidi. Peroksidi hiyo nayo huvunjwa na katalesi, peroksiredoksini na glutathioni peroksidesi. Ikikutana na chuma kilicho huru kabla ya kuvunjwa, hutokea radikali ya hidroksili, ambayo hushambulia chochote kilicho karibu nayo, DNA ikiwemo.

Zote hizo kwa pamoja hapa tunaziita oksijeni tendaji.

Kwani hizo si sumu tu? Matangazo yote yanasema "ondoa radikali huru mwilini".

Matangazo yanauza vidonge. Mwili wenyewe una vimeng'enya vya familia ya NOX ambavyo kazi yake pekee ni kutengeneza oksijeni tendaji kwa makusudi, na mwili haungegharamia kiwanda cha sumu tupu.

Tazama kiasi. Ndani ya seli iliyotulia, hidrojeni peroksidi huwa takriban nanomola 1 hadi 100 kwa lita. Katika kiwango hicho ni ujumbe. Hugusa asidi amino iitwayo sisteini, ambayo ina salfa, kwenye protini chache zilizo tayari kuguswa. Mfano mzuri ni PTEN, protini inayofunga breki za ukuaji. Peroksidi ikiifikia, sisteini namba 124 hujifunga na ya 71, breki zinalegea kwa dakika chache, kisha thioredoksini hulifungua fundo hilo na PTEN inarudi kazini. PTP1B, breki ya ishara ya insulini, hufanyiwa jambo lilo hilo. Kila homoni ya ukuaji inaposhika kipokezi chake, peroksidi kidogo hutolewa hapohapo ili breki zilegee na ishara ipite.

Kiwango kikipanda mno kuliko hapo, protini zisizohusika nazo huanza kuoksidishwa, mafuta ya utando huharibika na DNA hukatika. Kwa hiyo kabla ya kusema "oksidisho ni mbaya", uliza: kiasi gani, wapi ndani ya seli, na kwa muda gani.

Seli hujuaje kwamba virusi vimeingia, na oksijeni tendaji inahusikaje?

Hapa ndipo penye utamu wa somo lote, basi tuende polepole.

Kuna njia mbili kubwa. Virusi vya RNA, kama vya homa ya mafua, hutambuliwa na RIG-I au MDA5. Hizi hushtua MAVS, protini inayokaa kwenye utando wa nje wa mitokondria. Virusi vya DNA hutambuliwa na cGAS, ambayo hutengeneza molekuli ndogo, cGAMP, inayokwenda kuamsha STING. Njia zote mbili hukutana kwenye kimeng'enya TBK1, kinachowasha IRF3. IRF3 huingia kwenye kiini na interferoni, protini inayozitahadharisha seli jirani, huanza kutengenezwa. Isaacs na Lindenmann ndio walioigundua interferoni mwaka 1957, lakini waya hizi za ndani zilifahamika katika karne hii: MAVS mwaka 2005, cGAS mwishoni mwa 2012.

Sasa weka oksijeni tendaji juu ya ramani hiyo.

Kwenye MAVS huongeza nguvu. Seli zisizoweza kusafisha mitokondria zilizochakaa hujaa oksijeni tendaji, na zikikutana na RNA ya virusi hutoa interferoni kupita kiasi. Ukiziwekea antioksidanti, yaani kitu kinachozuia oksidisho, mwitikio unashuka. Hilo lilionyeshwa mwaka 2009. Baadaye ikaonekana kwamba oksijeni tendaji peke yake inaweza kufanya MAVS zishikane na kuwaka hata pasipo RNA yoyote ya virusi.

Kwenye STING mambo hugeuka. Sisteini yake namba 148 ikioksidishwa, STING inalegea na interferoni inapungua.

Kwenye TLR7, mlinzi mwingine anayetambua RNA ya virusi, pia hupunguza. Virusi vya mafua vikimezwa na seli, NOX2 humwaga peroksidi ndani ya kifuko kilichovimeza, ikaoksidisha sisteini namba 98 ya TLR7, na mlinzi huyo akasinzia. NOX2 ni silaha nzuri dhidi ya bakteria. Dhidi ya virusi vya mafua, kwenye kifuko hicho, inamsaidia adui.

Molekuli ni ileile, seli ni ileile, lakini vyumba ni tofauti na matokeo yanapingana. Ndiyo maana hakuna jibu la mkato kwa anayeuliza kama antioksidanti "huongeza kinga".

NRF2 tunayoisikia kila mara ni nini?

Ni protini inayowasha jeni mia kadhaa za kujihami dhidi ya oksidisho. Siku za kawaida hushikwa na KEAP1 na kupelekwa kuvunjwa ndani ya dakika chache. Sisteini za KEAP1, hasa namba 151, zikiguswa na kemikali kali au oksidisho, KEAP1 inaachilia mtego, NRF2 inakwenda kwenye kiini, na glutathioni, molekuli ndogo inayozima oksidisho, inaanza kutengenezwa kwa wingi.

Kuna gharama yake. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba NRF2 ikipanda, STING inapungua. Uvimbe unaoletwa na kinga unatulia, lakini virusi vya DNA vinapata upenyo. Hata hivyo dawa zinazopandisha NRF2 zimezuia virusi vya korona kuzaana kwenye seli za maabara, kwa njia isiyopitia interferoni kabisa.

Mtoto aliyezaliwa bila NOX2 hufa kwa virusi?

La. Ugonjwa wake huitwa granuloma sugu ya kurithi, na kinachomsumbua ni bakteria na kuvu: Staphylococcus aureus, Serratia, Salmonella, Aspergillus. Virusi vya kawaida huvistahimili karibu kama watoto wengine. Kwetu Kenya kuna dalili moja ya kutupiwa macho: kwa sababu kila mtoto huchanjwa BCG anapozaliwa, kidonda cha chanjo kisichopona au tezi za kwapa zinazovimba na kutoa usaha vinaweza kuwa ishara ya kwanza. Kipimo ni dihidrorodamini kwa saitometa ya mtiririko. Kinga ya kila siku ni cotrimoxazole na itraconazole.

Kwa nini limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, iko sana kandokando ya Ziwa Victoria?

Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona virusi ndani ya seli za uvimbe huo, navyo ndivyo tunavyoviita EBV. Karibu watu wazima wote duniani wana EBV na hawana habari nayo. Tofauti ya kwetu ni malaria ya mfululizo pamoja na umri wa kuambukizwa. Watoto wa nyanda za Kisumu hupata EBV mapema kuliko wa milima ya Nandi, ambako malaria ni haba, na wengi hawajatimiza hata mwaka mmoja.

Malaria ya falsiparamu husukuma seli B, zinazotengeneza kingamwili, zigawanyike, na humo kimeng'enya AID huwashwa. Kazi halali ya AID ni kukata na kuunga jeni za kingamwili. Ikikosea, inakata pengine. Kipande cha kromosomu 8 chenye MYC, jeni inayosukuma ukuaji, hubandikwa kwenye kromosomu 14, mahali ambapo seli B haizimi taa kamwe. MYC inabaki imewaka, na uvimbe wa taya au tumbo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Ridoksi inaingilia wapi? Protini ya virusi EBNA1 huongeza utengenezaji wa NOX2 ndani ya seli B, oksijeni tendaji inapanda, na DNA inakatika zaidi. Hilo lilichapishwa mwaka 2009. Na upande wa ulinzi, tafiti zilizofanyiwa watoto wa magharibi mwa Kenya zilikuta wenye Burkitt hawana mwitikio wa interferoni gama (ishara ya seli za kinga zinazoua) dhidi ya EBNA1, ilhali watoto wenye afya wa mitaa ileile wanao. Kwa ufupi, virusi vinaongeza mikato na askari aliyepaswa kuiona seli mbovu hayupo.

Mzazi akiona uvimbe wa taya unaokua kwa wiki, au meno ya mtoto yamelegea bila sababu, asingoje. Burkitt hutibika kwa kemo, hasa ikikamatwa mapema.

Na virusi vya ini na sumukuvu ya mahindi?

Hapa tuna uwezo wa kufanya jambo jikoni na ghalani. Aflatoksini B1, sumu ya ukungu wa mahindi, yenyewe haishambulii DNA. Ini huioksidisha kwanza, kwa vimeng'enya CYP3A4 na CYP1A2, ikawa epoksidi, na epoksidi ndiyo hujibandika kwenye guanini, mojawapo ya herufi za DNA. Alama yake ni mabadiliko kwenye kodoni 249 ya jeni p53. Glutathioni ikiidaka epoksidi kabla, sumu hutoka mwilini.

Mwenye hepataitisi B ana ini lenye uvimbe wa kudumu wa kinga (si saratani), oksidisho likiwa juu na seli zikigawanyika kila mara kujaza pengo. Ukichanganya mawili hayo, hesabu haijumlishwi. Utafiti wa Shanghai wa miaka ya 1990 uliona hatari ya saratani ya ini ikipanda kama mara 3 kwa aflatoksini pekee, mara 7 kwa virusi pekee, na karibu mara 60 kwa vyote viwili.

Kausha mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuyatia gunia. Anika kwenye turubai, usianike kwenye udongo. Chagua na utupe punje zilizovunjika au zenye ukungu, na usiwape kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu anayokula ng'ombe hupitia kwenye maziwa. Kiwango halali Kenya ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, B1 isizidi 5. Kusonga ugali muda mrefu hakuiondoi, kwa kuwa sumu hii huvumilia moto wa jikoni. Chanjo ya hepataitisi B mtoto huipata ndani ya pentavalenti akiwa na wiki 6, 10 na 14. Usikose hata moja.

Vipi saratani ya Kaposi na virusi vya Ukimwi?

Virusi vya Kaposi, HHV-8, viligunduliwa na Chang na Moore mwaka 1994. Hulala ndani ya seli, na hidrojeni peroksidi ni mojawapo ya vitu vinavyoviamsha. VVU navyo vina mahali pa kushikwa na NF-κB, swichi ya jeni za kinga, mwanzoni mwa jenomu yao, na NF-κB huitikia oksidisho. Mambo haya ni ya kweli maabara, lakini kwa mgonjwa dawa ni ARV. Kaposi nyingi za mwanzo husinyaa ARV zikinywewa vizuri, na hakuna kirutubisho kilichowahi kukaribia matokeo hayo.

Saratani inapenda oksidisho au inalichukia?

Yote mawili, kulingana na umri wa uvimbe.

Mwanzoni hulipenda. Oksijeni tendaji huleta mabadiliko ya DNA na kulegeza PTEN, nao ukuaji unapata njia. Uvimbe ukishakomaa, kasi yake ya kutumia chakula hutoa oksijeni tendaji nyingi kiasi cha kuuhatarisha wenyewe, basi unajijengea ngao. Baadhi ya saratani za mapafu hubeba KEAP1 iliyoharibika, hivyo NRF2 imewaka usiku na mchana. Nyingine hufungua kwa wingi mlango uitwao xCT, unaoingiza sistini (sisteini mbili zilizoungana) ya kutengenezea glutathioni.

Mlango huo ni muhimu. Mwaka 2012 Dixon, Stockwell na wenzao walikipa jina kifo cha seli kinachotokea mafuta ya utando yanapooksidishwa kwa msaada wa chuma: feroptosisi. Anayekizuia ni kimeng'enya GPX4, kinachohitaji glutathioni na madini ya seleniamu. Mwaka 2019 ikaonekana kwamba seli T za CD8, askari wa kinga wanaoua seli mbovu, zikishambulia uvimbe, interferoni gama yao hufunga xCT. Uvimbe unakosa sistini, glutathioni inaisha, feroptosisi inaanza. Kwa maneno mengine, askari waleule wanaoua seli zenye virusi wanatumia oksidisho kama mojawapo ya silaha zao dhidi ya saratani.

Nazo seli T zenyewe haziamki bila oksijeni tendaji kidogo kutoka kompleksi III. Ukiizima yote, hazitoi IL-2, ishara inayozifanya ziongezeke.

Basi vidonge vya antioksidanti vinazuia saratani?

Vilipimwa, tena kwa watu wengi mno. Finland, wanaume wavutaji 29,133 walipewa betakarotini miligramu 20 kwa siku, vitamini E miligramu 50, vyote, au kidonge kisicho na dawa. Matokeo ya 1994: saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 kwa waliopata betakarotini. Marekani, jaribio la CARET la betakarotini na vitamini A lenye watu 18,314 lilisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda, saratani ya mapafu ikiwa juu kwa asilimia 28. SELECT, wanaume 35,533, ilionyesha mwaka 2011 kwamba vitamini E ya vipimo vya kimataifa (IU) 400 kwa siku iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17.

Sababu moja inayoaminika ilitoka Sweden mwaka 2014. Panya wenye uvimbe mdogo wa mapafu waliopewa N-asetilsisteini au vitamini E, uvimbe wao ulikua haraka na walikufa mapema. Oksijeni tendaji ilipopungua, p53 ilitulia, nayo ndiyo inayopaswa kuzuia seli zilizoharibika zisigawanyike.

Karoti na papai hazimo kwenye lawama hii. Tunazungumzia vidonge vya kiwango kikubwa.

Mama yuko kwenye kemo na tumemnunulia vitamini C, E na chai ya kijani ya vidonge. Tumpe?

Msimpe kabla ya kumwonyesha daktari wake wa saratani chupa zote. Bebeni chupa zenyewe, msitaje majina kwa kukumbuka.

Mionzi huua seli za uvimbe hasa kwa oksijeni tendaji: karibu theluthi mbili ya uharibifu wa DNA unaoletwa na eksirei hutokana na radikali ya hidroksili, na uvimbe wenye oksijeni ya kutosha huitikia mara 2.5 hadi 3 zaidi ya usio nayo. Ndiyo maana upungufu wa damu kwa mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi anayechomwa mionzi hushughulikiwa haraka. Kumjaza antioksidanti siku hizohizo ni kuvuta kamba upande wa pili.

Bortezomib, dawa ya maeloma (saratani ya uboho), hunaswa na kemikali kuu ya chai ya kijani, EGCG, kabla haijafanya kazi, na vitamini C nayo huidhoofisha. Kikombe cha chai ya kawaida si tatizo kubwa kama vidonge vya dondoo, lakini kwa dawa hii wengi hushauriwa waache vyote siku ya sindano. Uchunguzi wa wagonjwa wa saratani ya matiti uliochapishwa 2020 ulihusisha matumizi ya antioksidanti kabla na wakati wa kemo na kurudi kwa ugonjwa, ingawa waliozitumia walikuwa wachache.

Vitamini C ya dripu ni kitu kingine kabisa. Kwa gramu nyingi kwenye mshipa, haizuii oksidisho. Hutengeneza hidrojeni peroksidi. Majaribio ya Mayo Clinic ya 1979 na 1985 kwa vidonge vya gramu 10 kwa siku hayakuona faida yoyote. Dripu bado inachunguzwa, lakini ina hatari mbili za kutajwa wazi: huvunja damu ya mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, na hudanganya baadhi ya mashine za kupima sukari kwa kidole zionyeshe sukari ya juu isiyokuwepo. Mtu akapigwa insulini kwa namba hiyo, anaweza kuzimia.

Dawa za kienyeji ziambieni kliniki pia. Hakuna atakayewafukuza, na mwarobaini au msubili uliofichwa ndio unaoleta mkanganyiko vipimo vya ini vinapopanda.

G6PD inaingiaje hapa?

Inaingia sana, maana upungufu wake wa aina ya A− ni wa kawaida kanda ya ziwa na humlinda mtu kiasi dhidi ya malaria kali. G6PD hutengeneza NADPH, sarafu inayolipia kurejesha glutathioni. Chembe nyekundu ya damu haina mitokondria, kwa hiyo haina njia nyingine. Ikipigwa na dawa inayooksidisha, hemoglobini huganda ndani, chembe inapasuka, macho yanakuwa ya njano na mkojo unageuka rangi ya strungi, kwa kawaida siku ya 1 hadi ya 3.

Vya kuepuka au kuangaliwa: dapsone, nitrofurantoin, methylene blue, primaquine ya kozi ndefu, vitamini C ya dripu, na dawa ya nondo yenye naftalini kwenye nguo za mtoto mchanga. Dozi moja ndogo ya primaquine, miligramu 0.25 kwa kilo, WHO inairuhusu bila kipimo. Lapdap, dawa ya malaria iliyokuwa na dapsone, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu hiihii.

Kwa wodi za saratani, jina la kukariri ni rasburicase. Burkitt ikianza kuyeyuka kwa kemo, asidi ya yuriki hupanda na figo huweza kuziba. Rasburicase huivunja upesi, lakini kila molekuli inayovunjwa hutoa molekuli ya hidrojeni peroksidi. Pima G6PD kwanza. Kama kipimo hakipo, tumia allopurinol na maji ya kutosha. Mgonjwa aliyepewa rasburicase, damu ya kupima yuriki ipelekwe kwenye barafu, kwani dawa huendelea kufanya kazi ndani ya chupa na kutoa namba ya chini ya uongo.

Mtego mmoja wa maabara: usipime G6PD mara tu damu ilipovunjika. Chembe zilizozeeka zimekwisha kupasuka na zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi, kwa hiyo jibu litakuja "kawaida". Rudia baada ya miezi 3 hivi. Kipimo cha doa linalong'aa nacho hukosa wanawake wengi wenye jeni moja mbovu.

Chakula gani kinasaidia kweli?

Samaki, omena wakiwemo, ni chanzo kizuri cha seleniamu. Umuhimu wake dhidi ya virusi ulionekana mwaka 1995 kwa namna ya kutisha: aina ya virusi iitwayo Coxsackie B3, isiyo na madhara, ilipopitishwa kwa panya waliokosa seleniamu, jenomu yake ilibadilika na ikawa inaharibu moyo, kisha ikawadhuru hata panya walioshiba seleniamu. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 55 kwa siku, na zaidi ya 400 ni sumu.

Sukuma wiki ina glukosinolati, ambazo zikikatwa huvunjwa na kimeng'enya mirosinesi kutoa viamsha-NRF2. Katakata mapema, uache kama dakika 40 kabla ya kutia kwenye sufuria, na usichemshe mpaka ibadilike rangi. Moto mrefu huua mirosinesi.

Kuna kifaa cha kushika kiganjani kinachosoma "kiwango cha antioksidanti". Ni cha kuaminika?

Hapana. Okoa pesa.

Tunapima oksijeni tendaji kwa rangi ya DCFH-DA na kila siku tunapata namba tofauti. Tatizo ni nini?

Kwanza jua kwamba rangi hii haigusani moja kwa moja na hidrojeni peroksidi. Inahitaji chuma, peroksidesi au sitokromu c katikati. Mwangaza ukipanda, huenda chuma kimeongezeka tu. Kwa hiyo usiandike "H2O2 iliongezeka", andika "oksidisho la DCFH liliongezeka".

Utaratibu unaovumilika: stoki ya milimola 10 kwenye DMSO, gawa vichupa vidogo, −20 °C, gizani. Ikiwa na rangi ya njano-kijani, mwaga. Weka mikromola 10 kwa seli, dakika 30, 37 °C, gizani. Osha mara 2 kwa PBS. Tumia midia isiyo na fenoli nyekundu. Soma nanomita 485 na 530. Weka visima vya seli bila rangi, rangi bila seli, na peroksidi mikromola 100 hadi 200. Kisha weka katalesi iliyofungwa PEG: mwangaza usiposhuka, ulichokuwa unapima si peroksidi. N-asetilsisteini haitoshi kuwa kidhibiti, ina kazi nyingine nyingi.

Peroksidi yenyewe ipime kila asubuhi ya jaribio. Ya asilimia 30 ni kama mola 9.8 kwa lita ikiwa mpya. Punguza mara 1,000 na usome nanomita 240: kwa ε (kigezo cha ufyonzaji wa mwanga) ya 43.6 unatarajia karibu 0.43. Ukipata 0.25, chupa imechoka. Angalia pia lebo ya midia yako ya DMEM. Ikiwa na pairuveti milimola 1, hiyo hula peroksidi moja kwa moja na utadhani seli zako ni shujaa. Na taja dozi kwa kila seli milioni, kwa kuwa mikromola 50 inayoua seli chache haitikisi kisima kilichojaa.

Onyo kwa wanaojaribu dondoo za mimea: polifenoli na vitamini C hujioksidisha ndani ya midia na kutoa peroksidi. "Dondoo limeua seli za saratani" mara nyingi ni peroksidi ya midia tu. Rudia ukiwa umetia katalesi kabla ya kuandika ripoti.

Na glutathioni ya damu?

Uwiano wa glutathioni isiyooksidishwa kwa iliyooksidishwa kwa mtu mwenye afya unazidi 100 kwa 1. Ukipata 8 kwa 1 kwa wanafunzi wenye afya wa kujitolea, sampuli ndiyo iliyoharibika. Oksidisho hutokea kwenye sindano, kwenye asidi, na kwenye pikipiki kutoka zahanati. Tia N-ethilimaleimidi papo hapo damu inapotolewa, kufikia takriban milimola 30 kwenye mchanganyiko, ndipo uweke asidi ya kugandisha protini. Lakini kemikali hiyo huua glutathioni ridaktesi, basi kama unatumia njia ya DTNB ya mzunguko kwa nanomita 412, iondoe kwanza kwa dikloromethani au tumia 2-vinilpiridini badala yake. Stima ikipotea na friza ya −80 °C ikayeyusha sampuli hata mara moja, zitupe.

Mwinuko wa Nakuru unaathiri majaribio haya?

Unaathiri, na karibu hakuna anayeutaja kwenye tasnifu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850. Shinikizo la oksijeni hewani ni takriban kilopaskali 18.5 Kisumu na 17 Nakuru, dhidi ya 21 Mombasa. Inkubeta huonyesha asilimia, haionyeshi shinikizo, hivyo "asilimia 5 ya oksijeni" Njoro, kaunti ya Nakuru, si sawa na ya Mombasa. Kwa jaribio la oksijeni finyu, andika shinikizo la hewa la siku hiyo na ukokotoe kilopaskali. Kisha kumbuka kwamba tishu nyingi mwilini huishi chini ya kilopaskali 9, na seli zilizokuzwa hewani tu tayari zina NRF2 iliyosumbuliwa kabla hujazigusa. Zipe angalau siku 5 kwenye oksijeni ya chini kabla ya kuanza kupima.